Siku moja Santa Fe: soko, galeri, opera ya nje, na jiwe la kwetu



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, filamu na nyimbo. Leo nataka kuhakiki siku nzima. Kuko mji mmoja Marekani, Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, ambao unauzia wageni siku sawa vile mwingine anauza kitabu: asubuhi soko, mchana galeri za picha, jioni opera ya nje chini ya nyota, na mwenye mfuko mdogo analala ndani ya hema huko msituni. Mimi nilikuwa jimbo hilo majira ya joto ya 2024, kwa mafunzo mafupi ya kilimo cha sehemu kavu. Wikendi moja tukaifanya hiyo siku, watu wane na mahema ya kuazima, maana hoteli za mji ule hazikuwa za watu kama sisi.

Niliporudi, rafiki mmoja wa Lubumbashi akaniuliza: «Weye mutu wa mahindi, opera ya bazungu ilikuhusu nini?» Makala hii njo jibu langu. Sikusoma muziki, wala historia ya sanaa. Lakini fakulte ya agronomia imenipa swali moja ambalo ninalibeba kila mahali. Mtu akikuletea mfuko wa mbegu, kabla ya kusifu rangi yake unauliza: imetoka wapi, na ni nani aliyeitoa? Kwa swali hilo moja nitapima soko, galeri na opera.

Soko: muuzaji ni mtengenezaji

Katikati ya Santa Fe kuko uwanja wa zamani unaoitwa Plaza. Upande wake wa kaskazini kuna Jumba la Magavana, jengo refu la udongo ambalo asili yake ni 1610, wakati Wahispania walikuwa wanatawala sehemu ile. Mbele yake kuna baraza ndefu. Chini ya baraza hiyo wasanii wa makabila ya asili, watu wa Pueblo, Wanavajo na wengine, wanatandika vitambaa chini na kupanga vitu vyao: pete, bangili, mikufu ya fedha na feruzi, vyungu vidogo. Ukipita mbiombio utasema ni soko sawa na masoko mengine, mama ameketi, bidhaa iko chini, mnunuzi anainama.

Lakini soko lile lina sheria, na sheria hiyo ndiyo ninayoisifu. Linasimamiwa na jumba la makumbusho la jimbo. Anayeuza pale lazima kitu kiwe kimetengenezwa na mkono wake, au na mkono wa mtu wa nyumba yake. Kitu kinakuwa na alama ya aliyekifanya. Na nafasi za baraza zinagawanywa asubuhi kwa kura ya bahati: hakuna anayerithi kona nzuri, hakuna mkubwa anayemtuma mtu amkalie.

Niliuliza bei ya bangili moja. Mzee aliyekuwa anaiuza hakunitajia bei kwanza. Alinionyesha alama ndani yake, kisha akanieleza fedha ile aliipiga vipi. Bei ikaja mwisho, na ilikuwa kubwa kuliko mfuko wangu. Sikununua, lakini nilitoka nikijua kitu. Wanaofahamu soko la malakiti kule kwetu Katanga watanielewa. Unaambiwa «hii ni kazi ya mukono», na ni kweli, ila mkono huo ni wa nani? Yule aliyelichonga lile jiwe hayuko pale, na jina lake haliko popote. Pesa inapita mikono mitatu, mine, kabla ya kumfikia, ikiwa inamfikia.

Soko hilo nalo lina kasoro yake. Wageni wengine wanampiga msanii picha bila hata kumsalimia, sawa vile yeye naye ni sehemu ya ukuta. Hapo sheria ya makumbusho haifiki. Hata hivyo kwa swali langu, soko limejibu vizuri: limetoka hapa, limetolewa na huyu unayemwona.

Galeri: udongo wa tajiri

Mchana tukaenda Canyon Road. Ni barabara nyembamba, na sehemu yake ya galeri haifiki hata kilomita moja, lakini karibu kila nyumba ni duka la picha au sanamu. Unaingia bure, unatoka bure. Hicho ni kitu kizuri, na ninashauri kila mwanafunzi atakayepata bahati ya kufika asiogope mlango. Hakuna anayekuuliza diplomu wala mshahara.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza si picha, ni kuta. Nyumba za Canyon Road zina sura ya udongo, rangi ya kahawia, kona za mviringo, mbao zimetokeza chini ya paa. Kwetu mtu akijenga kwa matofali mabichi jirani anasema amekosa makuta. Kule, sura ya tofali bichi ni ya tajiri. Na haikubaki hivi kwa bahati: tangu 1957 mji una sheria inayolazimisha majengo ya sehemu ya zamani yafuate sura hiyo. Matokeo yake ni kwamba majengo mengi leo yana mifupa ya mbao au bloku, halafu yanapakwa juu ili yafanane na udongo. Bon, sikatai kwamba mji ni mzuri. Ila ni uzuri uliosimamiwa na ofisi, na mhakiki anapaswa kulijua hilo kabla ya kuandika kwamba pale «wakati umesimama».

Kitu cha pili ni maji. Jirani na Canyon Road inapita barabara nyingine inaitwa Acequia Madre, maana yake mfereji mama. Ndugu wa agronomia, hapo nilisimama muda mrefu kuliko mbele ya picha yoyote! Acequia ni mfereji wa kumwagilia wa jamii. Wenye mashamba wanagawana maji kwa zamu, wanachagua msimamizi wao, anayeitwa mayordomo, na kila masika wanatoka pamoja kusafisha mfereji. Ni salongo ya kweli, ile ambayo wazee wetu waliifahamu. Sehemu ile yote ya Canyon Road zamani ilikuwa mashamba na nyumba za wakulima. Wachoraji walianza kuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu ya mwanga na kwa sababu nyumba zilikuwa bei rahisi. Baada yao wakaja wanunuzi. Mfereji ungali pale. Mashamba yamekwenda ndani ya picha: nje hukuti hindi hata moja, ndani unakuta mashamba mengi ya mahindi yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta.

Hilo ni lawama? Si kwa mchoraji mmoja mmoja. Kuna kazi nilizoziona zilizonifunga mdomo. Lakini galeri kama desturi inapenda kukata mzizi. Inaweka kitu juu ya kisanduku cheupe, inakipigia taa, na kadi ndogo inakutajia jina, mwaka na bei. Udongo umechimbwa wapi, mti gani uliwaka chini yake, hayo unauliza mwenyewe.

Kitu kimoja kinanisaidia kueleza. Katika galeri na majumba ya makumbusho ya kule unakutana na vyungu vyeusi vinavyong'aa, na michoro myeusi isiyong'aa juu yake. Ufundi huo ulipata sifa duniani kwa kazi ya Maria Martinez wa kijiji cha San Ildefonso, aliyefariki 1980, pamoja na mume wake Julian. Walichoma vyungu kwa moto uliofunikwa kwa mavi makavu ya wanyama, moshi ukakosa pa kutokea, na udongo mwekundu ukageuka mweusi. Hiyo ni kemia ya shambani kabisa. Chungu kile kikiwa kwenye galeri ni kitu kizuri. Ukijua ni moshi wa mavi uliokifanya kiwe cheusi, kinazidi kuwa kizuri. Galeri inaogopa habari hiyo itapunguza bei, lakini mimi naona ingeongeza.

Lishikeni jina la San Ildefonso. Tutalikuta tena kabla ya usiku kuisha.

Opera: chupa ya Dulcamara

Nyumba ya opera iko kaskazini ya mji, juu ya kilima. Ilianzishwa na John Crosby, kijana aliyekuwa mwongozaji wa okestra, na msimu wa kwanza ulikuwa 1957. Mwaka 1967 ukumbi ule uliungua katikati ya msimu, wakajenga mwingine, na ukafunguliwa msimu uliofuata. Huu wa leo ni wa 1998. Una paa, lakini pembeni hauna ukuta. Upepo unaingia, popo wanapita, na mvua ya mlimani ikija na upepo, wa pembeni wanalowa.

Kabla ya onyesho watu wanakula kwenye maegesho ya magari. Wengine wanatandika meza na kitambaa cheupe, mishumaa, divai. Wengine ni mkate na jibini juu ya boneti. Sisi tulikuwa na mahindi ya kuchoma yaliyobaki kambini. Hakuna aliyetucheka, na tiketi zetu zilikuwa za kusimama nyuma, za bei ya chini kuliko zote. Mbele ya kila mtu, hata anayesimama, kuna kioo kidogo kinachoandika maneno yanayoimbwa, kwa Kiingereza au Kihispania. Kwa hiyo ile hofu kwamba «opera hatusikii inasema nini» haina msingi pale.

Tulichoona ni *L'elisir d'amore* ya Donizetti, opera ya kuchekesha iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milan mwaka 1832. Na hapa, wakulima wenzangu, ndipo nilipojua sikupotea njia. Hadithi ni hii. Nemorino ni kijana maskini wa kijijini. Anampenda Adina, mwenye mashamba, msichana anayejua kusoma. Anafika mfanyabiashara anayejiita daktari, Dulcamara, na gari la chupa. Anasimama mbele ya kijiji na kutangaza dawa inayoponya kila kitu, mpaka kuua panya na kunguni. Nemorino anatoa senti yake ya mwisho kununua dawa ya mapenzi. Ndani ya chupa ni divai ya Bordeaux tu. Dawa «ikikataa», anajiandikisha jeshini ili apate pesa ya chupa ya pili.

Nani kati yetu hamjui Dulcamara? Amepita vijijini na mbegu za kijani zisizoota, na dawa ya viwavi ambayo ni maji na rangi. Anasema haraka, ana kipaza sauti, ana jibu la kila swali, na anaondoka kabla ya mvua ya pili. Nimesoma vipeperushi vingi vya ugani vinavyoonya juu ya watu hao. Hakuna hata kimoja kilichomweleza vizuri kama wimbo wake ule, maneno yanakimbia mpaka hupati nafasi ya kuuliza. Njo ufundi wenyewe: Donizetti ameuweka ulaghai ndani ya mwendo wa muziki. Mkulima haibiwi kwa sababu ni mjinga. Anaibiwa kwa sababu hakupewa pumzi ya kuuliza chupa imetoka wapi.

Wanaosema opera hii inawadharau watu wa kijijini wana haki nusu. Nusu ya kwanza tunamcheka Nemorino. Lakini wimbo mzuri kuliko yote, ule wa chozi la siri, ni yeye anayepewa, si sajenti wala mfanyabiashara. Kwa dakika chache hakuna kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama tangu saa mbili na nusu usiku na miguu inauma, na upepo wa mlima ulikuwa unapita kati yetu na sauti ile, na niliomba isiishe. Kasoro iko mwishoni: mjomba anakufa, urithi unaingia, Adina anakubali, na Dulcamara anaondoka akishangiliwa, akiuza chupa zilizobaki. Muziki umemsamehe haraka mno. Mtu wa shamba anatoka akicheka na akiwa na hasira kidogo.

Neno moja kwa wenye lisansi wanaotafuta kazi. Tangu mwanzo nyumba ile inachukua waimbaji vijana waliomaliza masomo na kuwaweka kwenye kazi kila msimu: wanaimba kwaya, wanashika nafasi ndogo, wanajifunza pembeni ya wakubwa. Kwaya mliyosikia inawapiga kijijini mwa Nemorino ni wao. Nyumba inayosema «tunataka vijana wenye uzoefu» lazima kwanza iwe mahali pa kuupatia.

Taa za mlimani

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Ukumbi ule uliachwa wazi makusudi. Kabla jua halijazama, watu wanaangalia milima ya Jemez upande wa magharibi kana kwamba ni pazia la kwanza. Giza likiingia, taa zinaonekana kule mbali. Wakati wa mapumziko nilimuuliza mzee jirani yangu ni mji gani. Akasema: Los Alamos.

Los Alamos njo pale ambapo, tangu 1943, Robert Oppenheimer na wenzake walitengeneza bomu la atomiki. Kijiji cha San Ildefonso, kile cha Maria Martinez, kiko chini ya mlima huo huo, na watu wake walipanda kule kufanya kazi za nyumbani na za mikono. Na jiwe? Sehemu kubwa ya uranium ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mgodi wa Union Minière. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni hiyo, alikuwa amekwisha kutuma New York zaidi ya tani 1.000 za madini yale. Yalikaa kwenye mapipa Staten Island mpaka jeshi la Marekani likayanunua 1942. Madini yalikuwa tajiri ajabu, kiasi cha asilimia 65 ya oksidi ya uranium, wakati migodi mingine ya zamani ile ilihesabu asilimia chini ya moja.

Hivyo, nikiwa nimesimama pale na tiketi yangu ya bei ndogo, nilikuwa ninaangalia mahali ambapo udongo wa mkoa wangu ulifika kabla yangu.

Nyumba ya opera haikulikimbia jambo hilo. Mwaka 2018 ilionyesha *Doctor Atomic* ya John Adams, opera kuhusu siku za mwisho kabla ya jaribio la Trinity, 16 Julai 1945. Aliyeiongoza ni Peter Sellars, ambaye ndiye aliyepanga maneno yake. Aliwaleta jukwaani wachezaji wa vijiji vya Pueblo na ngoma yao ya mahindi, pamoja na watu wa New Mexico ambao familia zao ziliishi chini ya upepo wa bomu lile. Nyuma ya jukwaa, taa za Los Alamos zenyewe. Mimi sikuwa pale. Nimeona video ya Amsterdam ya 2007, na ndani ya ukumbi uliofungwa ile opera ni nzito na ya kutisha. Lakini ninaamini nje ndipo nyumbani kwake, maana nje mtazamaji hawezi kujidanganya kwamba ni hadithi tu.

Ninaisifu kazi ile, na bado ninaidai. Inaanza Los Alamos na inaishia jangwani Trinity. Kwa mtu wa mbegu hiyo ni kuanza hadithi wakati wa kuvuna. Waliochimba kwa mikono, waliopanga mawe mabaya na mazuri, waliobeba mifuko mpaka kwenye gari la moshi, hawana sauti kwenye kwaya ile. Watu wa New Mexico waliokaa karibu na Trinity walingoja mpaka 2025 ndipo sheria ya fidia ya Marekani ikawaingiza, miaka 80 baadaye. Walipiga kelele, wakaandika, wakahesabu wagonjwa wao, wakapanda mpaka jukwaa la opera. Sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya Shinkolobwe. Kule kwetu mgodi ulifungwa wakati wa uhuru, wachimbaji wakarudi kutafuta kobalti, na 2004 serikali ikaufunga tena, mwaka uleule ardhi iliporomoka na kuua watu.

Hukumu yangu

Kwa hiyo siku ya Santa Fe inafaa? Inafaa, na ninaipa alama nzuri. Soko limejibu swali la asili kikamilifu, galeri imelikwepa kwa ustadi, opera imefungua ukuta na kutuachia tuangalie mpaka mahali ambapo macho yanakoma. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa tukitumie kwa sanaa ya kwetu pia, kwenye biennale ya Lubumbashi, kwenye maduka ya malakiti, kwenye nyimbo za siku hizi: uzuri wake tuusifu, halafu tuulize umetoka kwa nani.

Lakini ile sehemu inayokosekana hatuwezi kuwaomba Wamarekani waiandike. Wenzangu wa historia, wa fasihi, wa muziki, wa tiba: Likasi bado kuko wazee ambao baba zao walifanya kazi Shinkolobwe. Kila mwaka wanapungua. Wengine walikuwa watoto kwenye kambi ya wafanyakazi na wanakumbuka majina, nyimbo za kazini, nani aliugua nini. Mzee akiondoka, hiyo yote inaondoka naye, na hakuna hifadhi ya Bruxelles itakayoirudisha, kwa sababu kule wanaandika tani, hawaandiki watu. Mwenye simu ya kurekodi anatosha kuanza. Mwanafunzi anayetafuta somo la mémoire analo hapa. Na aliye na sauti na kalamu, ajue kwamba kwaya ya kwanza ya opera ile bado haijaimbwa.

Atakayekwenda Likasi kwa kazi hiyo aandike hapa chini kwenye maoni. Mimi nitakuja na daftari.